Hadhi ya Asiye na Kazi katika Nchi ya Kasongo na Kabambare

Wataalamu wa kuhesabu watu na kazi zao walipokutana Geneva katika mwezi wa Oktoba 1982, chini ya Shirika la Kazi Duniani, waliafikiana kwamba mtu ahesabiwe kuwa hana kazi iwapo mambo matatu yamemkuta kwa pamoja: kwamba katika siku chache zilizopita hakufanya kazi yoyote ya ujira wala ya faida, hata ya saa moja, kwamba yu tayari kuifanya ikipatikana, na kwamba ameitafuta. Kipimo hiki, ambacho kinafaa kwa miji yenye viwanda na ofisi za kuandikisha wafanyakazi, kikiletwa hapa Lusangi, katikati ya mashamba ya mpunga na mihogo ya nchi ya Kasongo na Kabambare katika jimbo la Maniema la Kongo, huleta jawabu la ajabu, nalo ni kwamba karibu kila mtu ana kazi. Kijana aliyeuza chupa mbili za mawese siku ya soko ana kazi. Aliyempelekea mfanyabiashara gunia la mchele kwa baiskeli ana kazi. Aliyeshinda mtoni akiosha mchanga kwa karai na kuondoka na chembe ya dhahabu ana kazi. Walakini ukiketi barazani na kijana huyo huyo ukamwuliza hali yake, atakujibu kwa Kiswahili cha huku, "Niko tu, siko na kazi," na wazee walio karibu naye hawatamkanusha. Mama yake aliye jikoni, ambaye tangu alfajiri amelima, amebeba kuni, ametwanga na kupika, akiulizwa naye atasema juu ya nafsi yake maneno hayo hayo.

Simhesabu yeyote kati yao kuwa mwongo, wala sidhani kwamba wataalamu wa Geneva walikosea hesabu. Wao wenyewe, mwaka 2013, waliirudia hoja hiyo wakaamua kwamba kulima chakula ili kiliwe nyumbani mwa mkulima ni kazi kamili ya kuhesabiwa, ila si ajira. Na kwa uamuzi huo mamilioni ya wakulima wa dunia wakahama safu moja ya daftari wakaingia nyingine, ilhali jembe halikubadilika wala jasho halikupungua. Jambo hilo latosha kutuonyesha kwamba mpaka baina ya mwenye kazi na asiye na kazi hutiwa na watu, na kwamba kila jamaa ya wanadamu hutia mpaka wake mahali pake kwa sababu zake. Katika nchi yetu mpaka huo una historia ndefu, na mtu asiyeijua historia hiyo hawezi kufahamu kwa nini kijana mwenye shamba la urithi, lenye udongo mwema na mvua ya kutosha, hujiona maskini wa heshima kuliko kijana asiye na kitu.

Yatupasa kuanza na misafara ya biashara. Kabambare ilikuwa kituo katika njia itokayo Ujiji kuelekea Lualaba kabla Mzungu yeyote hajauandika mji huo katika ramani, na yapata mwaka 1875 mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Mashamba ya mpunga yakaenea kuuzunguka mji, na lugha hii tunayoiandika ikashika mizizi, pamoja na dini ya Kiislamu ambayo mpaka leo ina watu wengi huku kuliko katika sehemu nyingine za Kongo. Ila mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Ni wajibu kulisema jambo hili waziwazi, maana wengi wetu hupenda kuikumbuka Kasongo ya zamani kwa kanzu na vitabu vyake tu. Katika mji ule aliyefanya kazi nyingi kuliko wote ndiye aliyekuwa na heshima ndogo kuliko wote, na kinyume chake, mwungwana alijulikana kwa vitu alivyosamehewa kuvifanya: hakuchukua mzigo kichwani wala hakushika jembe la mtu mwingine. Lililompa mtu mahali pake lilikuwa bwana aliyekuwa nyuma yake. Mtu asiye na bwana, hata angekuwa hodari namna gani, alikuwa mawindo ya yeyote aliyempita kwa nguvu, na huo ndio uliokuwa upungufu wa kweli wa zama zile.

Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yakiongozwa na kamanda Dhanis yaliitwaa Kasongo mwezi wa Aprili 1893, na watu wakahesabu kwamba mambo ya utumwa yamekwisha. Kwa sheria yalikwisha, lakini jembe halikupata uhuru wake. Kodi ya fedha ilipowekwa juu ya kila mwanamume, na tangu 1917 kilimo cha pamba kilipofanywa kuwa faradhi, ambacho majaribio yake ya mwanzo yalifanywa katika nchi hii hii ya Maniema, shamba likageuka tena kuwa mahali pa amri. Sheria ya 1933 ilimtaka mwanakijiji kutoa siku 60 kwa mwaka kwa kazi hizo za lazima, na vita vikuu vilipoifanya Ubelgiji kuhitaji zaidi, mwaka 1942 siku hizo zikaongezwa zikawa 120, yaani karibu theluthi ya mwaka mzima. Aliyeshindwa alifungwa au alipigwa kiboko. Katika ripoti za maofisa wa wakati ule mtu wa kijijini asiyelima pamba alikuwa "mvivu", naye huenda siku hiyo alikuwa akitega samaki au akijenga nyumba ya mkwewe, kazi ambazo babu zake wasingezitenga kamwe na maisha. Hivyo basi watu wakafundishwa mambo mawili kwa mara moja: kwamba kazi ya kweli ni ile inayoandikwa na mkubwa katika karatasi, na kwamba jembe ni adhabu.

Baba mwenye akili, akiyaona hayo, alimtakia mwanawe nini? Alimtakia shule, na shule maana yake ilikuwa kuepukana na jembe.

Zikaja kampuni. Symétain iliundwa mwaka 1932 kuchimba bati upande wa Kalima, na dhahabu ya Namoya, katika eneo la Kabambare, ikachimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1976 makampuni kadhaa yakaunganishwa yakawa Sominki. Anayetaka kufahamu kwa nini wazee wetu wanapoitaja Sominki sauti zao hubadilika, asifikiri kwamba ni mshahara tu wanaoulilia. Kazi ya kampuni ilimpa mtu nyumba katika kambi, posho ya chakula, zahanati ya watoto wake, darasa lenye paa la mabati, na namba ambayo kwayo alijulikana kuwa ni mtu wa mahali fulani. Yote yaliyokuwa katika mikono ya ukoo, ya chifu na ya bwana, yalikusanywa yakatiwa ndani ya ajira moja. Kwa sababu hiyo bei ya bati ilipoanguka katika soko la dunia mwezi wa Oktoba 1985, na Sominki ikadhoofika mwaka hata mwaka mpaka ikafilisiwa mwaka 1997, hakupoteza mtu mshahara peke yake. Alipoteza nyumba, tabibu, shule na jina kwa wakati mmoja. Serikali kwa upande wake ilikuwa imekwisha kuwaruhusu raia tangu 1982 wachimbe dhahabu na almasi wao wenyewe kwa mikono, na wengi wa waliokuwa wafanyakazi wakarudi katika mashimo yale yale wakiwa na sururu zao, bila posho wala tabibu.

Hapa inafaa kukitazama kijiji kimoja cha mbali, kwa kuwa uchunguzi mashuhuri wa maisha ya wasio na ajira ulifanywa huko. Karibu na Vienna, katika nchi ya Austria, kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal ambacho watu wake karibu wote walitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilipofungwa katika miaka ya 1929 na 1930, wanazuoni vijana watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kuyachungua maisha ya watu wale, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Wengi wa zama zao walitazamia kwamba watu wenye njaa na wasaa mwingi wataamka na kufanya mapinduzi. Wanazuoni hao waliona kinyume chake. Wanaume, waliokuwa na siku nzima mikononi, walitembea polepole na kusimama simama njiani bila sababu. Maktaba ya kijiji, ambayo sasa kila mtu alikuwa na muda wa kuitumia na ambayo haikudai malipo, iliazimisha vitabu vichache kuliko zamani. Na mtu akiulizwa alifanya nini asubuhi hakuweza kukumbuka. Saa zilikuwa zimevunjika. Wanawake hawakuwa hivyo, kwa kuwa nyumba na watoto viliendelea kuwadai kazi ile ile, na kwa fedha pungufu. Baadaye Jahoda alieleza kwamba ajira, mbali na ujira, humpa mtu mpango wa siku, watu wa kukutana nao nje ya nyumba, kusudi la pamoja, cheo na jambo la kumshughulisha, na kwamba aliyenyimwa ajira hunyimwa hayo yote, hata akilishwa.

Nimeisoma kazi hiyo mara nyingi na kuipenda, lakini kila nikiipima na mambo ya Lusangi naona pengo. Mtu wa huku asiye na ajira hajapotewa na saa. Adhana ya alfajiri humwamsha, na nne nyingine huigawa siku yake. Kwa Mkristo kengele na Jumapili hufanya kazi hiyo hiyo. Majira ya kupanda na kuvuna hayangojei mwajiri. Siku ya soko inajulikana. Na misiba, ambayo Mungu ametuandikia kwa wingi, huwaita watu wote kukesha pamoja. Watu wa kukutana nao wapo tele. Jambo la kufanya lipo siku zote. Katika vitu vyote alivyovitaja Jahoda, kinachoondoka huku ni kimoja tu, nacho ni cheo, walakini kinaondoka kwa ukali usiojulikana Marienthal, maana kule kijiji kizima kilianguka kwa pamoja na hapakuwa na wa kumcheka mwenzake, ilhali huku kila nyumba huanguka peke yake mbele ya macho ya jirani.

Mtazame kijana aliyemaliza shule ya sekondari na kupata diploma ya Serikali. Diploma ile haikuwa yake peke yake. Mbuzi waliuzwa kwa ajili yake, mchele uliuzwa kabla haujakomaa, shangazi aliweka fungu lake la likelemba, yaani chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, na dada aliyemfuata aliacha shule ili karo itoshe kwa mmoja. Huo ni mkopo usioandikwa, na wadai wake ni watu anaowaamkia kila asubuhi. Kijana huyu akishika jembe mbele yao, halimletei aibu ya uvivu. Laleta aibu ya mali iliyopotea, na nyuma ya aibu hiyo, bila mtu yeyote kuitaja, wamesimama watumwa wa mpunga na wafungwa wa pamba. Ndiyo maana atapendelea kukaa barazani na shati lililopigwa pasi akingoja barua, na watu watamwita shomeri, yaani asiye na kazi. Mwenzake aliyeacha shule katika mwaka wa nne wa msingi, ambaye analima shamba la urithi lililo sawa na lake, hakuna atakayemwita hivyo. Udongo ni ule ule, mikono ni ile ile, na mmoja yu mgonjwa wa moyo ilhali mwingine analala usingizi.

Mtazame pia mwalimu asiyelipwa. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure tangu Septemba 2019, watoto walimiminika madarasani, michango ya wazazi iliyokuwa ikiwalisha walimu kwa miaka mingi ikakatazwa, na walimu wengi ambao hawakuwa na namba ya matrikule ya kulipwa na Serikali waliendelea kufundisha wakiingoja. Kwa kipimo cha mfuko, mtu huyu ni maskini kuliko muuza mawese. Lakini akipita njiani anaitwa Mwalimu; barua ya ofisi ya chifu inaletwa kwake aisome; kwenye harusi anapewa kiti, na katika ugomvi wa mpaka wa shamba neno lake husikilizwa. Hajawahi mtu kumwita shomeri. Mimi naona kwamba heshima hii ndiyo mshahara ambao kijiji kimeutoa badala ya Serikali iliyochelewa, na naona vilevile kwamba Serikali imeujua mshahara huo na kuuegemea kupita haki, kwa kuwa ni rahisi kumchelewesha mtu ambaye jirani zake hawamwachi aanguke.

Wa tatu ni mchimbaji. Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, ni mahali ambapo diploma haiulizwi. Mtoto wa karani na mtoto wa mkulima huteremka shimo moja, na kijana ambaye nyumbani kwao angeona haya kushika jembe hushika sururu bila haya, kwa sababu shimo lina bahati ndani yake na shamba halina. Kila asubuhi huenda ndiyo asubuhi yenyewe. Anaweza kukaa miezi mitatu bila kupata kitu, akiishi kwa deni la mwenye shimo, na bado watu wa kwao Lusangi watasema, "Yuko kazini." Nimewasikia wakubwa wakiwalaumu vijana hawa kwa tamaa. Sikubaliani nao. Wamekwenda mahali palipobaki ambapo mtu mzima anaweza kuanza upya bila kutazamwa na waliomsomesha.

Kwa hiyo kampuni ya Banro ilipofungua mgodi mkubwa wa Namoya, uliotangazwa kuanza uzalishaji wa biashara Januari 2016, mvutano wake na wachimbaji wa mikono haukuwa wa mawe tu. Kampuni iliweza kuajiri sehemu ndogo ya watu waliokuwa mlimani, tena wengi kwa mikataba mifupi, na waliobaki wakaambiwa kwamba mahali pao ni pa mtu mwingine kwa sheria. Silaha zilikuwako tayari katika misitu hiyo tangu vita vya nyuma. Wapiganaji wa Mai-Mai walishambulia njia na kuwateka wafanyakazi, na Septemba 2019 shughuli za mgodi zikasimamishwa. Husemwa kwamba kijana huingia msituni kwa sababu ya njaa. Njaa ipo, na iko pia katika nyumba elfu ambazo hazijatoa mpiganaji hata mmoja. Msituni kijana aliyekuwa "niko tu" hupewa cheo, huitwa kwa cheo hicho, na mtu mwenye umri wa baba yake humpisha njiani. Atakayetaka kumtoa huko kwa kumpa vyombo vya kilimo peke yake anamrudishia kitu kile kile alichokikimbia.

Kuhusu mahari nitasema machache, kwa kuwa kila msomaji anayajua. Kijana asiye na kipato cha kueleweka hawezi kutoa mahari, na asiyetoa mahari hubaki kijana hata akiwa na mvi. Sauti yake juu ya watoto aliowazaa hupungua mbele ya wajomba zao, na katika baraza la ukoo anasikiliza tu. Binti naye hungoja pamoja naye, na miaka yake ya kungoja haihesabiwi na mtu.

Na hapa ndipo tunapofika kwa yule mama wa jikoni. Mwanamke wa Lusangi haitwi shomeri kamwe. Waweza kudhani kwamba huko ni kuheshimiwa, kwamba jamii yetu imemwepusha na aibu ambayo inawaua wanaume polepole. Ukweli ni kwamba haitwi asiye na kazi kwa sababu kazi yake haikupata kuitwa kazi. Na mtu ambaye hawezi kupoteza kazi hawezi kuhurumiwa kwa kuikosa wala kusaidiwa kuipata. Mume anapoondolewa mgodini, saa zake hupungua na za mkewe huongezeka: shamba la pili hulimwa, mawese hukamuliwa zaidi, mzigo wa kupeleka sokoni huwa mzito zaidi, na juu ya hayo yote kuna utumishi mmoja wa siri, yaani kuificha aibu ya mume. Ataweka fedha aliyoipata mkononi mwa mume ili yeye ndiye aitoe mbele ya wageni; atasema "Baba ametuma" ilhali Baba hakutuma kitu. Wachunguzi wa Marienthal waliona kwamba wanawake waliendelea kushika saa wakati waume zao walipozipoteza. Huku kwetu wanashika saa, na pamoja nazo wanashika hadhi ya wanaume, na sijaona msaada wowote unaolizingatia jambo hilo.

Bima ya kukosa kazi haiko katika nchi yetu. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Julai 2016 inashughulika na pensheni za uzee na za warithi, ajali na magonjwa ya kazini, na posho za familia, kwa walio katika ajira iliyoandikishwa. Aliyeondolewa kazini hana fungu humo. Marienthal walikuwa na posho ya Serikali kwa majuma kadhaa, kisha ikakoma. Badala yake sisi tuna zaka na sadaka, likelemba, na ndugu. Navithamini vyote vitatu, ila kila kimoja humwuliza mtu swali la cheo kabla ya kumpa kitu: zaka hudai akubali kuitwa maskini, jambo ambalo mwenye diploma hatalikubali, likelemba hudai awe na kitu cha kutia kila juma, na ndugu hukumbuka. Kwa sababu hiyo wanaohitaji msaada zaidi ya wote, yaani walioanguka kutoka mahali pa juu, ndio wanaopitwa nao.

Raia wa nchi hii hawajahesabiwa tangu Julai 1984. Siku mhesabu atakapofika tena Lusangi na karatasi zake, atauliza kila mtu alifanya nini juma lililopita na alilipwa nini, na ni haki aulize. Ningependa aandike pia, katika nyumba ile ile, ni nani aliyefanya kazi iliyoleta chakula cha jana, na ni nani watu wa nyumba hiyo walimtaja kuwa ndiye mwenye kazi. Kisha majibu hayo mawili yawekwe sambamba, kijiji kwa kijiji, tangu Kasongo mpaka Kabambare, kabla ya mtu yeyote kuamua mradi gani uletwe na jina la nani liandikwe juu yake.